Neno la Pacha

Jumatatu, Machi 9

Wewe unayesoma daftari hili bila ruhusa yangu, mguu wako uvimbe na dawa usipate. Naanza na hilo kwa sababu humu ndani hakuna kitu cha mtu. Sabuni ni ya wote, ndoo ni ya wote, hata usingizi ni wa wote, maana mmoja akilia tunaamka nyumba nzima.

Madaftari katugawia Mshauri. Kijana wa watu, shati limechomekwa, anaongea polepole kana kwamba tumefiwa. "Andikeni mnavyojisikia, hakuna atakayesahihisha." Nikamuuliza, na kama mtu hajisikii chochote aandike nini? Akasema, andika hilo hilo. Haya, nimeandika.

Kwa kubisha huko ndiyo maana wananiita Wakili. Nina miaka kumi na saba. Nilianza na vidonge vya bibi vya mgongo, bibi akafariki, vidonge vikaisha, nikaujua unga. Yaliyofuata kila msichana humu anayo ya kwake na yote yanafanana, sipotezi wino.

Hii ni nyumba ya kuachia unga. Watu wa nje wanaiita soba. Zamani ilikuwa nyumba ya wageni na milango bado ina vibao vya namba, ila vioo vya bafuni vimeng'olewa na makomeo pia. Tuko wasichana watupu. Mkubwa wetu ni Matroni, mwanamke mnene, sauti ya king'ora, funguo kiunoni. Naye alitumia unga miaka tele na anatukumbusha kila siku kama vile ni digrii. Simpendi hata chembe.

Mama alinileta Desemba. Miezi yangu mitatu imeisha, lakini kutoka sitoki, kwa sababu ya sheria ya pacha. Nilipokuja mimi pacha hawakutosha, nikauguzwa kwa zamu. Ukimaliza muda wako hivyo unapewa msichana mgeni. Unalala naye chumba kimoja, unamfulia mashuka, unamsindikiza hadi chooni. Siku yake ikifika, au mzazi wake akija kumtaka, unasimama ukumbini mbele ya wote na kutoa neno: amepona, au bado. Ukisema amepona, mnatoka wote wawili. Ukisema bado, mnabaki wote wawili. Matroni anasema anayelala na mgonjwa anamjua kuliko daktari, kwa hiyo neno la pacha halipingwi. Mimi nasema ni jela yenye chai.

Jumanne, Machi 10

Mvua.

Alhamisi, Machi 12

Nimepata pacha, na Mungu anione.

Baba yake ni dereva wa lori. Alikuja na lori lenyewe hadi getini, matairi yakaufukua uwanja wote, akamshusha binti yake kutoka kwenye kabini amembeba mikononi kama mtoto mchanga. Kamvika koti lake mwenyewe. Msichana ana miaka kumi na tano, mifupa mitupu, anatetemeka, kamasi zinamtiririka, na bado anaongea! "Baba niache nitembee, unaniaibisha. Hamjambo jamani? Mnatazama nini, hamjawahi kuona mrembo?" Tukaangua kicheko.

Baba hakucheka. Alisimama pale kwenye mvua akamwambia Matroni, "Mama yake alituacha huyu hajaota meno. Nimemlea mimi na hili lori. Sina mwingine." Kisha akauliza nani atalala naye. Matroni akaninyooshea kidole. Yule mzee akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili inayonuka dizeli.

"Mwanangu, nimekukabidhi."

Nikasema shikamoo, kwa sababu sikujua la kusema. Akaitikia marahaba, midomo inamcheza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yenyewe leo ni mimi.

Jumamosi, Machi 14

Arosto, ule ugonjwa wa kukosa unga, imemkamata hasa. Mifupa inamuuma, tumbo limefunguka, anajikuna hadi damu. Nimefua mashuka, nimetundika, nimefua tena. Mvua haikati na hakuna kinachokauka, korido yote imejaa mashuka mabichi, unapita unayapangua kwa mikono na yanakupiga usoni. Amenitapikia miguuni, akaomba radhi, akanitapikia tena.

"Dada, niue tu."

"Nikikuua sitoki humu."

Akacheka. Nimekaa hapa tangu Desemba, sijawahi kuona mtu anacheka ndani ya arosto.

Jumapili, Machi 15

Siku ya wageni. Mama hakuja.

Ijumaa, Machi 20

Amesimama kwa miguu yake, na sasa naitamani ile wiki aliyokuwa hoi, angalau alikuwa ananyamaza kidogo.

Bafuni hapa hakuna komeo. Pacha mkubwa anakaa nje ya mlango na aliye ndani lazima atoe sauti muda wote, aongee au aimbe, ili ijulikane yuko salama. Ukinyamaza, mlango unasukumwa, uwe na nguo usiwe nayo. Wengi wetu tunahesabu tu au tunataja majina ya ndugu. Huyu anatangaza! Leo alikuwa mtangazaji wa redio: "Na sasa wasikilizaji, sabuni imeanguka, naomba mtulie, hali ni ya wasiwasi." Msichana aliyekuwa zamu ya kufagia aliacha ufagio akakaa chini kwa kicheko. Tumembatiza Chiriku.

Nilipokuja mimi sikuchekesha mtu. Nilitaja majina ya ndugu zangu na yaliisha upesi.

Jumapili, Machi 22

Mama hakuja. Mvua ilikuwa kubwa, pengine ndiyo sababu. Mama wa wenzangu walikuja na miavuli. Baba Chiriku alikuja na mkate mrefu na machungwa, akanipa na mimi changu kama vile nimezaliwa kwake. Nilikula nimempa kisogo.

Alhamisi, Machi 26

Dari ya chumba chetu inavuja juu ya kitanda cha Chiriku. Tumeunganisha vitanda upande wangu. Analala amenishika nguo.

Jumanne, Machi 31

Leo somo la Nesi. Huyu mama hana maneno mengi, anasema mambo kama anasoma bei dukani. Alituambia hivi: mtu akikaa bila unga, mwili hausahau hamu, unasahau kipimo tu. Kwa hiyo anayetoka soba akarudia kile kile alichokuwa anatumia zamani, kile kile kinamuua. "Siyo wale wanaotumia kila siku ninaowazika zaidi," akasema. "Ni hawa waliotoka juzi, wamenawiri." Mvua peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea kwenye mabati. Mwishoni akasema sikio la kufa halisikii dawa, akafunga mkoba wake.

Tulipokuwa tunakamua mashuka nikamuuliza Chiriku kama amesikia. Akasema amesikia, masikio anayo mawili. Kisha akashusha sauti.

"Ila dada, mara moja tu. Ya kuaga."

Kila mtu humu ana hiyo ya kuaga. Huwezi kuiona kwenye mkojo wanaotupima wala kwenye mizani. Umeketi darasani unaitikia ndiyo Nesi, hapana Nesi, na huku kichwani umeshachagua siku, mahali, na nguo utakayovaa. Mimi nilikuwa nayo hadi Februari. Nafikiri imeondoka. Sijui kama inaondoka au inanyamaza.

"Usinisemee, dada."

"Sikusemei. Lakini ukinitajia tena nakuzaba kofi."

"Nizabe tu, mkono wako mwepesi." Na akanirushia maji.

Jumapili, Aprili 5

Mama amekuja!

Nilimwona getini anakung'uta viatu, nikaanza kukimbia, katikati ya uwanja nikakumbuka kwamba nimemkasirikia, nikatembea. Amekonda. Kazi ni nyingi, wanashona sare za shule mchana kutwa, msimamizi hatoi ruhusa hata ya kufiwa. Alinieleza hayo kabla sijauliza, anazungusha kitambaa vidoleni.

Kisha akanipa habari. Mwalimu mkuu amekubali kunirudisha. Nafasi yangu ipo, ila niwepo siku ya kufungua, Mei nne. Nisipokuwepo anampa mwingine, na safari hii hakuna kumbembeleza, mama ameshapiga magoti vya kutosha.

"Utakuwa umetoka?"

Nikamweleza sheria ya pacha. Akamtazama Chiriku, ambaye alikuwa anamwigiza Mshauri mbele ya baba yake, anatembea amebana makalio, na yule mzee anajifuta machozi ya kicheko.

"Huyo mbona mzima?" mama akasema. "Mzima kabisa."

Nikasema bado. Mama akakikunja kitambaa chake. Wakati anaondoka alinikumbatia haraka haraka, kama mtu anayeogopa kuchafuka. Halafu akarudi kutoka getini akanikumbatia vizuri. Kumbatio hilo ndilo lililoniliza, siyo lile la kwanza.

Alhamisi, Aprili 9

Sina la kuandika. Chiriku anakoroma.

Jumanne, Aprili 14

Tumegombana. Nilimwambia kama angekuwa na akili angeacha upuuzi wa ya kuaga, ningeweza kumsemea kweli na nikawahi shule. Akasema kumbe namfulia mashuka kwa ajili ya shule. Nikasema ulidhani kwa ajili ya uzuri wako? Alinuna tangu asubuhi hadi chakula cha jioni. Bafuni alihesabu namba tu, moja, mbili, tatu, kama wengine. Nyumba nzima iliona kama kuna msiba.

Matroni akaniita jikoni akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna. Akaendelea kuchambua mchele.

"Pacha wangu aliitwa Bubu," akasema. "Hakuwa bubu, alikuwa haongei tu. Nilimsemea amepona kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa naye." Nikangoja aendelee. Akaniambia nichukue ndoo nikateke maji.

Jumatano, Aprili 15

Tumepatana. Alinitandikia kitanda na kuniandikia kwa vumbi la chaki sakafuni: DADA MKALI. Nimeyaacha yafutike yenyewe.

Jumapili, Aprili 19

Mama hakuja. Mvua.

Ijumaa, Aprili 24

Chiriku amenenepa. Nesi alipompima mizani ilipiga kelele, na yeye akapiga kelele zaidi. Sketi aliyokuja nayo haifungi. Leo wakati wa kufua akaniambia ameshajua atafanyia wapi. Nikamwambia nyamaza. Akaendelea kufua anaimba.

Jumapili, Aprili 26

Nitaandika polepole.

Baba Chiriku alikuja mapema kuliko wazazi wote, amenyoa, kavaa shati jeupe. Lori lake limeingia gereji, injini yote imefumuliwa, bosi amempa mapumziko mpaka limalizike. "Mwezi mzima nitakuwa nyumbani," akamwambia Matroni. "Tangu azaliwe sijawahi kukaa naye mwezi mzima. Naomba nimchukue leo. Nitampikia mwenyewe."

Matroni akasema bado muda wake.

"Muda gani, mama? Mtazame!" Akamshika Chiriku mashavu, akayavuta. "Mgonjwa ana mashavu haya? Niliwaletea hapa kijiti. Huyu mtoto kapona, jamani, mbona mnanibania?"

"Mwili ndio hutangulia kupona, baba. Kichwa kinakuja nyuma, tena kwa miguu."

"Basi mwenzake aseme. Si ndiyo sheria yenu wenyewe?"

Ikapigwa kengele. Tukakaa kwenye mabenchi, wazazi nyuma. Mama yangu alikuwepo, kwa mara ya pili tangu mvua zianze. Nikasimama mbele na Chiriku kando yangu. Alikuwa amenishika kidole kidogo cha mkono, kwa nyuma, watu wasione. Akaninong'oneza, "Sema, dada. Sema tu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Matroni akapaza sauti: "Wakili. Pacha wako amepona, au bado?"

Nayaandika yote niliyoyafikiria ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilifikiria Mei nne ni wiki ijayo. Nilifikiria mama ameomba ruhusa kwa msimamizi wake, ameketi pale, kitambaa kinazunguka vidoleni. Nilifikiria yule mzee na shati lake jeupe na chakula atakachopika. Nilifikiria ya kuaga. Niliifikiria wazi kabisa, kwa maneno yake, mara moja tu. Nikajiambia labda hatafanya. Nikajiambia baba yake atakuwepo. Nikajiambia na mimi nilikuwa nayo na ilinyamaza. Vyote hivyo havikuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Amepona," nikasema.

Matroni akaweka mkono sikioni. "Mvua. Sikusikia."

Alisikia. Najua alisikia, benchi la mwisho walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Alikuwa ananipa nafasi. Uso wake haukuwa wa askari jela hata kidogo, ulikuwa unaniomba.

"Amepona, Matroni."

Akafumba macho. Baba Chiriku akaja mbio, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, analia na kucheka. "Mungu akupe, mwanangu. Mungu akupe." Shati lake lilikuwa na harufu ya pasi.

Getini Matroni alimshika mkono yule mzee akamwambia: asikae kimya bafuni. Aongee, aimbe, na wewe ukae mlangoni. Mzee akacheka. "Binti mkubwa hivi nimsimamie bafuni? Majirani watasemaje?" Chiriku akapanda gari la rafiki wa baba yake. Akanipungia kwa mikono miwili na kutangaza dirishani, "Na hapa ndipo tunapokatisha matangazo yetu!" Wote wakacheka. Na mimi nilicheka.

Jumatatu, Aprili 27

Nimelala peke yangu, maana mimi natoka leo. Matroni amekuja kunipa begi langu. Akasimama mlangoni.

"Neno lako silipingi. Sheria hii niliileta mimi humu, kutoka soba nilikoachia." Kisha akasema, "Na wewe je? Wewe umepona?"

Nikasema nimepona.

"Hujanitazama."

Nikamtazama, nikarudia. Akatikisa kichwa, siyo kwa kukataa wala kukubali. Nilikuwa simpendi huyu mwanamke. Leo nilitamani aninyang'anye begi.

Ijumaa, Mei 1

Nyumbani. Mama kanishonea sare mpya kwa mikono yake, imenikaa vizuri. Majirani wanasema nimenawiri. Mama anaondoka kazini asubuhi na kurudi jioni. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, Mei 4

Nimewahi shule. Mwalimu mkuu kanishika bega, wanafunzi wamenipisha kwenye benchi kama nina upele. Sijali. Wakati wa kurudi lazima upite kona ya mafundi baiskeli. Wale vijana wa unga bado wako pale pale, juu ya kreti zile zile. Mmoja akasema, "Karibu nyumbani." Hakusema kitu kingine.

Jumanne, Mei 5

Nimezunguka njia ya mbali. Matope hadi magotini.

Alhamisi, Mei 7

Nilikuta mama amerudi mapema, amekaa kitandani kwangu, simu mkononi. Nikajua kuna kitu, mama hajawahi kurudi mapema.

Chiriku amefariki jana.

Matroni ndiye aliyepiga. Niliomba niongee naye. Nilitaka anitukane, kweli nilitaka, nilishikilia simu nangoja. Alisema tu, "Mazishi ni kesho asubuhi. Njoo, usikae peke yako." Nikamwambia Chiriku alikuwa na ya kuaga, nilijua, alinitajia mwenyewe. Akasema, "Nilijua kwamba unajua." Kisha simu ikakatika au alikata, sijui.

Nililala sakafuni. Mama alinifunika shuka. Nilimwambia mimi ndiye niliyemuua. Mama akasema nyamaza, usiseme maneno kama hayo, majirani wanasikia.

Ijumaa, Mei 8

Nyumba yao ni vyumba viwili nyuma ya karakana. Watu waliketi kwenye mabenchi ya kuazima chini ya turubai, na mvua ilikuwa imekatika kabisa, jua kali, kila kitu kinatoa mvuke.

Baba Chiriku alikuwa na lile shati jeupe. Aliponiona akaja akanishika mkono na kunikalisha karibu yake, mbele ya ndugu wote, na akaanza kunieleza kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. "Siku zote kumi alikuwa anacheka. Nilimpikia kila siku, alikula sahani mbili. Juzi akatoka kidogo kumsalimia rafiki yake, akarudi mapema tu, akaniambia baba naenda kuoga. Nikamsikia anaimba. Halafu akanyamaza. Nikasema, maskini mtoto, amechoka kuimba. Nikaendelea kumenya viazi." Akanitazama. "Viazi vyote nilivimaliza, mwanangu."

Nyuma yetu shangazi yake Chiriku alikuwa anamwambia jirani, wala hakuongea kwa siri, kwamba teja hufa teja, hizo pesa na machozi kaka yake alivitupa bure. Yule mzee akasimama. Sijui alipata wapi nguvu.

"Msimwite binti yangu teja! Alikuwa amepona. Mwenzake huyu hapa, amelala naye chumba kimoja, amemuuguza. Huyu ndiye anayejua kuliko daktari." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa yananing'ang'ania. "Waambie, mwanangu. Waambie alikuwa amepona. Ni moyo tu ulisimama."

Nilimtafuta Matroni kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkoba ameukumbatia. Hakuniashiria chochote.

Nilitaka kusema kweli. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini ningemwambia nini mtu yule? Kwamba ile siku aliyocheka na kulia nilikuwa namdanganya? Kwamba binti yake alikaa naye siku kumi anapanga, sahani mbili mbili, anacheka? Ndicho alichobakiwa nacho, hicho tu.

"Alikuwa amepona," nikasema.

"Mmesikia?" akawaambia. "Mmesikia?" Akakaa chini, akalia vizuri sasa, kwa kupumua, akanishika kichwa akakiweka begani kwake. "Mungu akupe, mwanangu. Leo nitalala." Mara ya kwanza neno hilo, amepona, nililisukuma mimi. Leo lilitoka lenyewe.

Matroni aliondoka kabla ya kaburi kufukiwa. Nilimkimbilia njiani nikamwomba anirudishe soba. Akasema vitanda vimejaa, lakini nije Jumatatu, na mzazi, atanitafutia hata godoro. Jioni nikamwambia mama. Mama akasimama akanitazama juu hadi chini, sare, mashavu, viatu.

"Wewe? Urudi kule kufanya nini? Na shule je, ambayo nimekupigania? Wewe huumwi, una majonzi tu. Yatapita."

Jumamosi, Mei 9

Leo mama alikuwa na nusu siku, tukaenda wote sokoni. Wakati wa kurudi nilimwambia anishike mkono tangu kwenye daraja hadi mlangoni na asiniachie hata nikimwambia aniachie. Akacheka, "Msichana mzima!" Lakini akanishika. Mkono wake una sugu za sindano za kushonea na una joto. Tulipofika kona ya mafundi baiskeli akakumbuka kwamba sabuni imeisha, akaniachia, akaingia dukani.

Nilisimama. Walikuwa pale, juu ya kreti zao. Yule mmoja akasogea kidogo akanipisha nafasi ya kukaa. Mwili wangu mzima ulikuwa unataka, hadi kucha, nasema ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kusahihisha. Nilijua nitakachotumia na najua kipimo changu cha zamani, nakikumbuka vizuri. Mama alikuwa anapatana bei ya sabuni. Anachelewa sana kwenye bei, mama yangu.

Alipotoka alinikuta pale pale aliponiacha. Akasema, "Mbona umeloa jasho?" Nikasema jua.

Leo sikwenda. Naandika ili niwe na uhakika kwamba leo sikwenda. Kesho Jumapili, mama amepewa kazi ya ziada, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na mimi nitashinda nyumbani peke yangu.